Baba mdogo anachota hela ya duka halafu mwisho wa mwezi ananiuliza faida iko wapi

Mwana wa Singida

Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo ya watu mnaoshika vitabu, hasa vya biashara za familia.

Natunza hesabu kwenye duka la jumla la vyombo hapa Kariakoo, mtaa siutaji. Mwenye duka ni baba yangu mdogo, ndo aliyenitoa Singida akanilipia ada chuo cha biashara CBE mpaka nikamaliza diploma, kwa hiyo mjue kabisa naongea na nani nikisema bosi. Kazi yenyewe naipenda. Asubuhi napokea mzigo naandika stoku, mchana nafukuzia risiti za manunuzi, jioni tunafunga kashi, natoa Z ripoti (jumla ya mauzo ya siku) kwenye EFD, mashine ya risiti za kodi, nalinganisha na droo na malipo ya simu ya Lipa Namba, ikitokea shoti ya elfu mbili tatu najua ni chenji imekosewa. Hayo hayaninyimi usingizi.

Shida ni mzee mwenyewe. Anakuja kwenye saa kumi hivi, anasalimia wote mpaka vibarua wa nje, anazunguka kaunta anavuta droo, anachota noti za elfu kumi kumi bila kuhesabu anaweka mfuko wa shati, ananiambia "mwanangu utaandika". Niandike nini sasa? Inaweza ikawa laki mbili inaweza ikawa laki tano, na mimi kumwambia baba mdogo subiri kwanza nihesabu mbele ya wateja ni sawa na kumwita mwizi kwenye duka lake. Nabaki nasubiri jioni, pengo litakalopatikana naandika "mzee". Na mama mdogo naye akiwa na shughuli anatuma bodaboda, nipe hotipoti sita na sahani dazeni mbili, risiti hakuna. Ada za wadogo zangu zinalipwa kutoka kwenye laini ya duka.

Halafu mwisho wa mwezi anakaa na mimi: hili duka linauza kila siku, hela inaenda wapi? Anauliza huku ananitazama. Vijana wa kaunta nao wameanza kuninong'oneza, maana hela ikipotea wa kwanza kutajwa ni mwenye funguo na mwenye daftari, na vyote viwili ninavyo mimi.

Sasa juzi kaja na jipya, anataka mkopo benki, kaniambia nitengeneze hesabu nzuri za kupeleka benki na zile za TRA, watu wa kodi, niziache zilivyo. Nikaitikia tu nikanyamaza.

Nifanyeje bila kuvunja heshima? Kuacha kazi msiniambie.

Kobe wa Gerezani

Hahaha dada hapo umeelezea Kariakoo nzima kuanzia Msimbazi mpaka Lumumba. Kwetu bosi alikuwa anachukua mpaka hela ya chenji, mteja akija na noti ya elfu kumi tunakimbia duka la jirani. Nasubiri majibu hapa.

Mzee wa Leja

Binti, pole na kazi. Mimi nimeshika vitabu vya maduka miaka mingi, Kariakoo, Keko, mpaka Buguruni, na wenye mali karibu wote wako hivyo, wasomi na wasiosoma. Baba yako mdogo siyo mtu mbaya. Anachokiona yeye ni droo imejaa, na droo iliyojaa anaita faida.

Ngoja nikuwekee mfano umwoneshe, siyo hesabu zenu, ni za kukisia. Tuseme mauzo ya mwezi bila VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni milioni 78. Ule mzigo uliouzwa mliununua milioni 66.3, vyombo vya jumla faida yake nyembamba unaijua. Inabaki milioni 11.7. Toa pango 2.5, toa mishahara 1.8, toa umeme, ulinzi, vibarua, bando na vikorokoro vingine laki tisa. Unabaki na milioni 6.5 na hapo kodi ya mapato hujaigusa. Sasa mzee akichota laki tatu na nusu kila siku, siku 26 za kazi, ni milioni 9.1. Ile 2.6 iliyozidi imetoka wapi? Imetoka kwenye mzigo. Mwezi wa kwanza haionekani, wa pili haionekani, wa tano unakuta rafu zina matundu na supplaya anapiga simu hujui umjibu nini, na mzee anasema biashara imekuwa ngumu.

Na ongeza hapo kwamba VAT ni asilimia 18, kwa hiyo kwenye kila 118,000 iliyoko kwenye ile droo kuna 18,000 ambayo siyo ya mzee wala ya duka, mmeshikishwa tu mpaka tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mtapunguza ile mliyolipa kwenye manunuzi sawa, lakini kinachobaki ni cha watu. Wengi wanakula hela hiyo halafu tarehe 19 wanaanza kukopa.

Sasa swali lako la heshima. Usimpelekee baba mdogo pei vocha, ile karatasi ya malipo, asaini, hatasaini na utaonekana umeota pembe. Mpe kabla hajachukua. Kaeni chini siku moja ametulia, siyo dukani, nyumbani baada ya chakula, muulize baba, kwa wiki unahitaji kiasi gani cha nyumbani nikuandalie? Akitaja, kila Jumamosi unahesabu mwenyewe, unaandika kwenye leja ukurasa wenye jina lake, unatia kwenye bahasha unampa kwa mikono miwili. Na droo usiiache ijae. Saa sita mchana peleka hela kwa wakala wa benki, bakiza chenji na ya dharura kidogo. Akija saa kumi akavuta droo akakuta elfu themanini hatakuwa na cha kugombana, utamwambia baba hela imeshaingia benki, na slipu hii hapa.

Nimeona njia hii ikifanya kazi kwa watu wagumu kuliko huyo. Mtu mzima anakataa kuomba hela yake, kupewa hakatai.

Fremu Namba Tisa

Nimesoma nacheka peke yangu. Mimi ni mwenye duka, vitenge na khanga, nimeanza kwa kutembeza mkononi mtaa wa Kongo jua kali hakuna mhasibu aliyenisaidia. Nyie watu wa vitabu mnachosahau ni kwamba hiyo biashara ndo inayolisha ukoo. Nikipigiwa simu usiku kuna msiba Tanga niache kwenda nikaandike vocha? Mchango wa harusi, mtoto wa dada kalazwa, msikiti unaezekwa, yote yanatoka kwenye droo hiyo hiyo, na hata huyo binti ada yake ya CBE si imetoka humo humo? Aliandikiwa vocha?

Tulifunga maduka Mei 2023 mpaka Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kutusikiliza, kilio chetu ilikuwa kodi na usumbufu na usajili wa stoo. Hakuna aliyelia kwamba anajiibia mwenyewe.

Ila jambo moja nimpe binti, mimi ripoti ya makaratasi siisomi. Kijana wangu wa hesabu kila usiku ananitumia meseji, mistari minne tu, tumeuza ngapi, tumetumia ngapi, umechukua ngapi, benki kuna ngapi. Huo mstari wa tatu mwanzo ulikuwa unaniudhi kweli kweli. Sasa hivi asipoutuma namuuliza.

Mzee wa Leja

Fremu Namba Tisa sijakataza mtu kwenda msibani mkuu wangu. Nenda, na hela chukua. Ninachosema iandikwe, ili siku ukiuliza iko wapi uoneshwe msiba wa Tanga badala ya kumtolea macho mtoto wa watu. Na hiyo meseji ya mistari minne ni kitu kizuri, binti uichukue.

Trail Balansi

Naingilia kidogo. Wote mnaongea vizuri lakini hamjauliza swali la msingi: hilo duka ni kampuni au jina la biashara? Maana vitabu vinabadilika kabisa.

Kama ni kampuni ya Limited hela ile siyo ya mzee hata kama hisa zote ni zake, kampuni ni mtu mwingine kisheria. Akichukua anakuwa amelipwa mshahara na PAYE, kodi ya mshahara, ikatwe, au amechukua gawio la faida nalo lina kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla ya kumlipa, asilimia 10, au ni mkopo wa mkurugenzi anadaiwa na kampuni arudishe.

Kama ni jina la biashara tu basi mali ni yake na anachochukua ni matumizi binafsi ya mwenye mali, unapunguza mtaji wake. Siyo gharama ya biashara! Hapa ndo wengi wanachemka, utasikia mtu anasema mwekee bosi mshahara kwenye vitabu. Muwekee kwa nidhamu yenu ya ndani sawa, lakini mwisho wa mwaka kwenye fomu ya mapato huo "mshahara" wa mwenye mali hauondoi kodi hata shilingi, faida inahesabiwa kabla yake. Ada za watoto na hotipoti za mama mdogo ni hivyo hivyo.

Mwana wa Singida

Shikamooni wakubwa, nashukuru sana. Trail Balansi ni jina la biashara tu, BRELA kwenye usajili wa biashara alisajili hivyo na TIN, namba ya mlipakodi, ni yake binafsi, VAT tumesajiliwa. Wafanyakazi tuko wanne nikiwemo mimi.

Mzee wa Leja ile ya bahasha nimeielewa mpaka nimecheka, kwa tabia ya baba mdogo hiyo ndo atakayoipenda. Fremu Namba Tisa nawe nashukuru, na ada yangu kweli ilitoka humo, ndo maana sitaki duka life mikononi mwangu.

Lakini hamjanijibu la benki.

Trail Balansi

La benki nilikuwa nalijia. Usifanye.

Sikuhubirii maadili, nakueleza kazi inavyoenda. Benki haikai kusoma hesabu zako peke yake. Wataomba stetimenti ya akaunti, leseni, cheti cha TRA cha kwamba hadaiwi kodi, na mara nyingi ritani, zile fomu za kodi zilizopelekwa TRA. Afisa mikopo anaweka karatasi zako huku, ritani huku, stetimenti katikati. Wewe umeandika mauzo ya mwaka bilioni, VAT inaonesha nusu yake na akaunti inaonesha robo maana hela haikufika benki iliishia mfuko wa shati. Mkopo unakataliwa, na mzee anaanza kukulaumu wewe kwamba hujui kutengeneza hesabu.

Na kama za TRA ndo pungufu, basi hizo nzuri za benki ni ushahidi mmeuandika kwa mkono wenu wenyewe. Sheria ya usimamizi wa kodi haimshiki mwenye biashara tu, anayesaidia kutoa taarifa za uongo naye ana kesi. Saini ya mzee, mwandiko wa nani?

Njia ya kumwambia mzee bila kumvunja moyo: mwambie baba, mkopo tutaupata ila tuanze kupitisha mauzo yote benki kuanzia sasa, miezi kadhaa stetimenti ije na nguvu, halafu hesabu za mwaka tumpe CPA, mhasibu aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu NBAA, azipitie na asaini yeye. Anayetaka mkopo atakusikiliza, na hapo hapo umeshapata ile ya Mzee wa Leja ya kupeleka hela benki saa sita, bila kumwambia kwamba unamzuia kuchota.

Kobe wa Gerezani

Hapo mwisho umemaliza mkuu. Yaani mkopo ndo unamfunga mzee mwenyewe.

Binti Kurasini

Mimi nashika vitabu vya maduka kadhaa kwa mwezi, sina ofisi, ofisi ni mkoba na laptopu na siti ya mwendokasi nikibahatika kuipata. Niongezee mambo ambayo kwa biashara ya familia yanasahaulika kwa sababu kila mtu anamwangalia mzee na droo.

Kwanza risiti. Zile karatasi za EFD wino wake unafutika, ukiweka kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati karibu na bati la Dar, baada ya miezi unatoa karatasi nyeupee hazina hata neno. Vitabu unatakiwa ukae navyo miaka mitano. Ukipokea risiti siku hiyo hiyo piga kopi kwenye karatasi ya kawaida, bana pamoja, na picha ibaki kwenye simu na kwenye barua pepe. Soko liliungua Julai 2021 watu tuliona, moto hauchagui daftari wala mzigo.

Na kabla hujaibana isome. TIN yenu iko? VRN, namba ya usajili wa VAT, iko? Mzigo wa milioni nne kaandika milioni nne au kaandika laki nane? Wauzaji wa jumla wengine watakuuliza kabisa risiti niandike ya shilingi ngapi, na ukikubali ndogo ile VAT mnayotakiwa kudai mmeitupa, na gharama yenu kwenye vitabu imepungua kwa hiyo faida inaonekana kubwa kuliko ilivyo, kodi mtalipa nyinyi ya kwake na ya kwenu. Hapo hapo kaunta kabla mkokoteni haujaondoka ndo pa kugombania, ukisharudi dukani imetoka hiyo.

Pili, pango. Mwana wa Singida, ile asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye pango la fremu mnakata na kupeleka TRA? Uliza hilo leo leo. Mwenye nyumba atakwambia mimi nataka hela yangu kamili mambo ya serikali malizaneni, lakini TRA wakija wanakuuliza wewe mpangaji. Nimekuta duka Aggrey wamedunduliza mpaka deni limeshinda mtaji.

Tatu tarehe. Bandika ukutani: tarehe 7 PAYE, tarehe 20 VAT, na awamu nne za makadirio ya kodi ya mapato, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba kama mwaka wenu wa hesabu ni Januari hadi Desemba. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo asilimia 20 ya mshahara mnagawana mwajiri na mfanyakazi. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, haiwahusu, inaanzia wafanyakazi kumi. Hiyo ya ukutani siyo kwa ajili yako, ni kwa ajili ya mzee aione akivuta droo.

Mwana wa Singida

Binti Kurasini umenitia homa na hilo la pango, kesho naanza nalo.

Mwana wa Singida

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilimsubiri mzee nyumbani Mbagala baada ya kula, nikaanza na mkopo kama alivyosema Trail Balansi. La vitabu viwili nilimwambia benki watalinganisha na VAT, akanyamaza kidogo akasema basi achana nayo. Nikamwekea ule mfano wa milioni 78 lakini nikatumia namba zetu halisi. Akachukua simu akahesabu mwenyewe, akarudia tena. Kisha akamwita mama mdogo akamwambia njoo usikie.

Bahasha ya kwanza nimempa Jumamosi. Alivyoishika akauliza mbona nyembamba, nikamwambia ndo kiasi ulichotaja baba, akacheka. Jumatatu kaja saa kumi kama kawaida, kavuta droo, kakuta chenji, kaniangalia, kaifunga. Jumanne kaniambia toa laki moja kuna mgonjwa, ikabidi aniambie ni kiasi gani, na mimi nikaandika laki moja. Siwezi kusema ameacha, lakini sasa ninayo namba.

Meseji ya mistari minne namtumia kila nikiwa kwenye daladala. Bado hajajibu hata moja ila zote zina tiki za bluu.

Pango kweli hatukuwa tunakata, nimeshaenda ofisi ya TRA kuuliza tunaanzaje. Mwenye nyumba amekuja juu kama tulivyotarajia.

Kilichobaki ni mama mdogo. Bodaboda wake amekuja tena jana kuchukua majagi na bakuli za kitchen party. Vyombo hivyo niviandike kwa bei gani, ya kuuzia au ya kununulia?

Mzee wa Leja

Marahaba binti, umefanya kazi. Viandike kwa bei ya kununulia, vitoke kwenye stoku viende ukurasa ule ule wa mzee, maana mama mdogo na mzee kwa vitabu vyako ni mtu mmoja. VAT uliyodai mliponunua hivyo vyombo uirekebishe, usiache ikae kana kwamba viliuzwa. Na huyo bodaboda mpe karatasi ndogo ya delivari, idadi na tarehe, mama asaini akipokea. Yeye atasaini bila shida, mwanamke anayesimamia shughuli anataka kujua vyombo vimefika vingapi kuliko hata wewe.

Kobe wa Gerezani

Mzee wa Leja njoo uongee na bosi wangu tafadhali, nauli ya bajaji nakulipia.